Chemshabongo ya fasihi ya Kiswahili kwa herufi K: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mchezo wenyewe huchezwaje?

Mwendeshaji hutaja herufi moja, na kila jibu lazima lianze nayo: jina la mwandishi, kitabu, mhusika, istilahi ya fasihi, hata mahali palipohusika na utunzi wa kazi fulani. Wachezaji hugawanyika makundi, kila kundi likiwa na karatasi na kalamu, simu zikiwa zimezimwa. Anayetaja kitabu anatakiwa amtaje na mwandishi. Alama ya ziada hupewa anayeweza kueleza kwa sentensi moja au mbili kitabu kinahusu nini. Kanuni hiyo ya mwisho msiiache. Bila hiyo mchezo unakuwa wa kukariri majalada, na wapo watu wanaoweza kutaja vitabu thelathini ambavyo hawajawahi kuvifungua.

Kwa nini K na si herufi nyingine?

Sababu ya kwanza ni sarufi. Majina ya ngeli ya KI-VI huanza na ki-, na kitenzi kinapotumika kama jina huanza na ku-. Ndiyo maana majalada yamejaa Kiu, Kichomi, Kivuli Kinaishi, Kusadikika, Kufikirika. Mwandishi mmoja tu, Said Ahmed Mohamed, ana Kina cha Maisha (1984), Kiza katika Nuru (1988), Kivuli Kinaishi (1990) na Kitumbua Kimeingia Mchanga (2000): diwani, riwaya na tamthilia mbili.

Sababu ya pili ndiyo inayonifanya niipende herufi hii kuliko zote. Mijadala mikubwa ya fasihi yetu ya karne ya 20 karibu yote imepitia K: ugomvi wa vina (silabi zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi katika mshororo), waandishi kutiwa gerezani, ukoloni, Mapinduzi ya Zanzibar, mgomo wa makuli, hata mabishano juu ya nani amzike marehemu. Ukicheza raundi moja ya K kwa makini unatoka na historia nzima.

Tunahesabu jina la kwanza la mwandishi au la ukoo?

Yote mawili, ila mkubaliane kabla ya kuanza. Ukisema jina la ukoo tu unampata Kezilahabi, Kandoro, Katalambulla, Kahigi, Kawegere, lakini unawakosa Ken Walibora, Kithaka wa Mberia, Katama Mkangi, Kyallo Wadi Wamitila na Kimani Njogu. Hilo lingekuwa kosa kubwa, maana ungekuwa umeiondoa nusu ya Kenya mchezoni.

Mtego mzuri hapa ni Kulikoyela Kahigi, ambaye anaingia kwa majina yote mawili. Huyu ndiye aliyeandika na Mulokozi Mashairi ya Kisasa (1973), Malenga wa Bara (1976) na kile kitabu cha nadharia, Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Kwa hiyo hata kitabu kinaingia.

Je, "Kh" inakubaliwa?

Inakubaliwa, kwa kuwa inaandikwa kwa K. Itakusaidia kwa Said Ahmed Mohamed, ambaye makala zake za kitaaluma huzitia saini ya Said A. M. Khamis.

Mwana Kupona aingie kwa M au kwa K?

Hili huleta kelele kila mara. Mimi namweka kwenye K. "Mwana" ni neno la heshima kwa wanawake wa Lamu, Pate na Siyu. Jina lake ni Kupona, binti Mshamu. Alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha mnamo 1858, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu. Swali la nyongeza ambalo wengi hulikosa: nani alikuwa akizungumzishwa? Watu hujibu "wanawake wote", kwa kuwa mwishoni anawaalika wanawake wengine wausome. Lakini utendi unaanza na binti, amesogezwa karibu na mama na wino na karatasi viko tayari. Ukiusoma ukiwa na picha hiyo, hata yale mafundisho ya ndoa yanayotuudhi leo unayasikia kwa sauti nyingine.

Kipi kilitangulia, Kusadikika au Kufikirika?

Kwa kuchapishwa, Kusadikika kilitangulia, mwaka 1951. Kufikirika kilitoka 1967, miaka mitano baada ya Shaaban Robert kufariki. Vitabu hivi huchanganywa sana, hasa na waliovisoma shule zamani, kwa hiyo shikeni alama hizi.

Kusadikika ni nchi iliyo angani, na kiini cha kitabu ni kesi. Mshtakiwa ni Karama. Kosa lake ni kutaka watu wajifunze sheria. Mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama hajitetei kwa kulia. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakarudi na mambo mema ya kuijenga nchi, wakalipwa kwa kifungo. Mmoja wa wajumbe hao ni Kabuli, kwa hiyo riwaya moja inakupa K tatu. Kumbukeni kilichapishwa Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza. Kuandika wakati huo juu ya nchi inayowafunga watu wake walioleta maarifa, kisha kuiweka nchi hiyo angani, kulihitaji akili na moyo pia.

Kufikirika nacho kinaanza na mfalme anayetamani mtoto, halafu kinageukia malezi na elimu ya mtoto huyo. Mwalimu wake anaitwa Utubusara Ujingahasara. Mtu akikutajia jina hilo, jibu ni Kufikirika bila kusita.

Kaluta na Kezilahabi waligombana?

Ana kwa ana, hapana. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924 akafariki 1964, na diwani ya kwanza ya Kezilahabi, Kichomi, ilitoka 1974. Waliogombana ni wafuasi wa misimamo yao, na ugomvi huo ndio ulioutikisa ushairi wa Kiswahili kwa muda mrefu.

Kaluta aliandika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichochapishwa 1954. Alikuwa mshairi, mwanazuoni wa dini, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baada ya uhuru waziri. Kitabu chake kiliweka kwenye maandishi yale ambayo malenga walikuwa wakiyafuata kwa sikio na kwa kurithishana: vina vya kati na vya mwisho, mizani kumi na sita kwa mshororo, kila upande nane, kituo, na kadhalika. Vijana wengi wa bara ambao hawakukulia majumbani mwa malenga wa pwani walijifunza kutunga kwa kitabu hicho.

Akaja Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, na Kichomi yake. Mashairi hayana vina vya lazima, mishororo mingine mifupi mingine mirefu, lugha ni ya mazungumzo. Wanamapokeo, Saadani Kandoro akiwa miongoni mwa sauti zao kubwa, walishikilia kwamba kisicho na vina na mizani si shairi. Upande wa pili walisema ushairi uko kwenye fikra na taswira, na kwamba hata tungo nyingi za makabila ya bara hazijawahi kuhesabu mizani.

Nami nina upande. Mashairi ya Kezilahabi yamesimama. Ukiyasoma leo yanachoma vilevile. Lakini wale waliomtetea Kaluta hawakuwa wakaidi tu. Waliona kwamba chini ya bendera ya uhuru wa kutunga yangepita maneno mengi mabovu yaliyokatwa vipande, na hilo limetokea. Swali la kuwauliza wachezaji ni hili: taja K nne katika mgogoro wa ushairi. Kaluta, Kandoro, Kezilahabi, Kahigi. Wakiongeza K ya tano, Kichomi, wapeni alama ya bonasi.

Kinjeketile ni mtu au ni mhusika?

Ni wote wawili, na swali zuri lazima liseme linamtaka yupi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe ni mtu wa historia, aliyewapa watu maji akiwaambia yatageuza risasi za Wajerumani. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kinjeketile wa tamthilia aliumbwa na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, katika kazi iliyochapishwa 1969.

Wa kwenye jukwaa ana mzigo ambao historia haijatuonyesha waziwazi. Anawaunganisha watu, kisha anaogopa kile alichokianzisha, kwa kuwa imani ya maji imeshamponyoka mikononi na wapiganaji wanataka kwenda vitani kabla ya wakati. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa akane na kusema maji ni uongo. Anakataa. Anajua kukana kwake kutaua pia lile neno lililowaunganisha watu, nalo ndilo vizazi vijavyo vitakalolikumbuka. Onyesho hilo ndilo lililonifanya niipende tamthilia, na sijaona mtu aliyelisoma kwa sauti akabaki na koo kavu.

Hussein ana K nyingine ambayo huwaangusha wengi: Kwenye Ukingo wa Thim (1988). Chimbuko lake ni ile kesi maarufu ya Kenya ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambapo mjane na ukoo wa mumewe waligombea mwili mahakamani mwaka 1987.

Wahusika gani wa K ninapaswa kuwajua?

Karama tumeshamtaja. Wengine watatu ni hawa.

Kazimoto ndiye kijana wa Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi, msomi aliyerudi kijijini akiwa hajui tena aishi kwa imani ipi. Kitabu kinaisha kwa yeye kujiua. Walimu wengi hukwepa kuuzungumza mwisho huo darasani; naona ni afadhali uzungumzwe, kwa upole, kwa sababu vijana wanausoma hata hivyo.

Kijakazi yumo katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi. Ni mtumishi wa bwana shamba Unguja, mnyenyekevu kiasi kwamba hata Mapinduzi ya 1964 yanapomfikia mlangoni, utumwa bado umo ndani ya mazoea yake. Hapo ndipo Shafi alipoonyesha ubingwa. Angeweza kumfanya Kijakazi mwanamapinduzi wa usiku mmoja, akakataa. Mwaka uliofuata alitoa Kuli, juu ya Rashidi na makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Angalieni: Kuli ni K, ila Rashidi si K.

Kongowea Mswahili, kwa jina la utani Msanifu Kombo, ni wa Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Kitabu hakianzi kwa K, mwandishi na mhusika wanaanza. Kwa wasomaji wengi wa Kenya waliokisoma sekondari, safari ya Kongowea kutoka Tanga kumtafuta baba yake ndiyo riwaya ya kwanza ya Kiswahili waliyoisoma mpaka mwisho kwa kupenda.

Kufa na Kupona na Kufa Kuzikana ni kitabu kimoja?

Ni viwili, tena mbalimbali kabisa. Kufa na Kupona (1974) ni ya Elvis Musiba wa Tanzania, riwaya ya kijasusi ya mpelelezi Willy Gamba. Kufa Kuzikana (2003) ni ya Ken Walibora, juu ya urafiki unaopita katikati ya chuki za kikabila. Musiba ana K nyingine mbili, Kikosi cha Kisasi na Kikomo.

Maadamu tumefika kwenye upelelezi: Faraji Katalambulla ndiye wa Simu ya Kifo (1965), na Muhammed Said Abdulla ndiye wa Kisima cha Giningi (1968) na Kosa la Bwana Msa (1984). Wapo wanaoona haya kuvitaja vitabu hivi kwenye chemshabongo ya "fasihi". Waacheni. Vilifundisha watu wengi raha ya kusoma, na Kiswahili cha Muhammed Said Abdulla ni cha kuonja neno kwa neno.

Kamiti inaingiaje kwenye fasihi?

Kwa huzuni. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alitoa kijitabu chenye kichwa Kenya: Twendapi? akiihoji serikali ya KANU, chama kilichokuwa kikitawala Kenya. Alihukumiwa kifungo, akakaa ndani kuanzia 1969 hadi 1972, na Kamiti ni mojawapo ya magereza aliyofungwa. Humo aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalitolewa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo ilikuwa na jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga.

Katika diwani hiyo limo shairi la "Kuno Kunena", na hili natamani kila kundi lilisome kwa sauti. Mshairi anauliza kama kunena ukweli ndiko kulikomfungisha, na sauti za k na n zinagongana mshororo baada ya mshororo. Amefungwa, karatasi ya kuandikia ni ya kuiba, na bado vina na mizani havijayumba hata mahali pamoja. Anayedhani arudhi, yaani kanuni za kutunga mashairi, ni pambo alisome hilo kwanza.

K nyingine ya upande huo ni Kilio cha Haki (1981), tamthilia ya Alamin Mazrui juu ya Lanina anayewaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon. Mazrui alitiwa kizuizini 1982 bila kufunguliwa mashtaka.

Vitabu gani vya K vimewahi kutahiniwa Kenya?

Wanafunzi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, wa nyakati mbalimbali watakutajia Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, Kitumbua Kimeingia Mchanga, Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora na Kigogo ya Pauline Kea Kyovi. Ukitaka kujua mtu alifanya mtihani lini, muulize aliisoma ipi.

Kifo Kisimani inastahili swali la ndani zaidi: imechota wapi? Imechota kwa Fumo Liyongo, shujaa aliyeuawa na mwanawe kwa kuchomwa kitovuni. Kithaka anamweka Mwelusi mahali pa Liyongo na nduguye Gege mahali pa mwana msaliti. Aliyeisoma Kifo Kisimani bila Liyongo ameipata nusu.

Istilahi za K ni zipi?

Kina, kituo, kipande, kibwagizo, kipokeo, kikai, kikwamba, kasida, kisasili, kisakale, kitendawili. Zinazosumbua ni tatu. Kibwagizo ni mshororo wa mwisho unaorudiwa ubeti hadi ubeti, wengine huuita kiitikio au kipokeo. Kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, na wengi hulitumia neno hilo pale usiporudiwa. Kikwamba ni utungo ambao neno au silabi ileile inarudi mwanzoni.

Watoto wanaweza kucheza?

Wanaweza, kwa vitendawili. "Kuku wangu katagia miibani" (nanasi), "Kila niendapo ananifuata" (kivuli), "Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni" (njia). Hapo K iwe mwanzoni mwa kitendawili, jibu lolote.

Tafsiri zinahesabika?

Naam. Fortunatus Kawegere alitafsiri Shamba la Wanyama (1967). Na wa kuwaduwaza: taja mfasiri wa K aliyetafsiri tamthilia juu ya Kaizari. Jibu ni Kambarage, yaani Mwalimu Nyerere.

Mwaka gani ulikuwa mgumu kwa K?

Ni 2020. Kezilahabi alifariki Januari, Ken Walibora Aprili. Miezi minne haikutimia.

Nipe swali gumu la kumalizia raundi.

Taja riwaya ambayo jina lake, jina la mwandishi na jina la mhusika mkuu yote yanaanza kwa K. Wape dakika mbili. Watataja Kidagaa Kimemwozea, lakini mhusika mkuu ni Amani. Watataja Kusadikika, lakini mwandishi ni Shaaban Robert. Jibu ni Kichwamaji ya Kezilahabi, mhusika Kazimoto. Wakilipata mapema mno, ongeza la pili: tamthilia ya K ya mwandishi mwanamke mwenye K katika majina yake mawili. Hiyo ni Kigogo, ya Pauline Kea Kyovi.